Nilihesabu ndoo 12, nikaandika 11

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 46, mkazi wa Kirumba hapa Mwanza. Biashara yangu ni dagaa, mwaka wa 15 huu niko pale mwaloni, soko la samaki la kando ya ziwa. Nimeokoka, naimba kwaya, na tulipoezeka kanisa letu mabati 40 yalitoka mfukoni mwangu. Majuzi kina mama wamenichagua niwe mhazini wao, wote kwa sauti moja, na vigelegele juu. Usiku ule sikulala, na mpaka leo usingizi ninaopata ni wa kuibia.

Sababu ni hii. Kisado changu cha kuuzia nilikigonga kitako kwa jiwe miaka mingi iliyopita, kikabonyea kwa ndani. Ukikitazama kwa juu huoni kitu. Dagaa wanajaa mpaka wanamwagika pembeni, na mteja anaondoka anashukuru. Wiki iliyopita nilifunga mlango wa jikoni nikakijaza maji kwa kikombe cha nusu lita. Kisado kizima kinachukua vikombe 8. Changu kilifurika nilipomaliza kikombe cha 7. Maana yake katika kila visado 8 nilivyowauzia watu, kimoja kilikuwa hewa.

Hilo la kwanza, na wala siko peke yangu pale. La pili ndilo linaloniua. Kule kisiwa cha Ukara kuna mama mjane niliyekuwa nachukua kwake dagaa wakavu kwa mali kauli. Napima, naandika kwenye daftari, navuka nao Mwanza, nikiuza ndiyo nampelekea hela safari inayofuata. Hajui kusoma. Yeye alikuwa anasomba dagaa kutoka kwenye mawe alikoanika, mimi napima na kuhesabu. Zikifika ndoo 12 natangaza 11, na daftarini naandika 11. Aliniamini. Safari 31 nimefanya hivyo kwa miaka mitatu, nimezihesabu zote.

Na kila tulipomaliza, Shangazi, yule mama alikuwa anachota dagaa wengine pembeni, anawafunga kwenye kipande cha kanga, ananiwekea juu ya mzigo. "Hawa wa watoto," anasema, "usiwaandike." Kipande cha mwisho cha kanga bado kiko kabatini kwangu. Mwaka wa nne sasa sijaenda kwake, kwa sababu nilifika mahali nikashindwa kumtazama usoni tukiagana.

Nimemweleza mume wangu, akasema yaliyopita si ndwele, nisituletee aibu. Kiongozi wetu wa maombi akaniambia nimeshahesabiwa haki kwa imani, damu ya Yesu imefuta yote, na nikianza kurudisha ndoo nitakuwa narudi kwenye sheria na kumdharau Kristo. Jirani yangu wa meza pale sokoni ni Mkatoliki. Yeye anasema bila malipizi hakuna haki hapo, najidanganya.

Sasa nakuuliza wewe. Mimi mbele za Mungu ni mwenye haki au siye? Nikirudisha, nitakuwa nainunua haki kwa hela? Na uhazini niupokee?

Mama wa Kirumba

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama kwenye kile kikombe cha 7. Mtu aliyefunga mlango wa jikoni akapima dhambi yake kwa maji, kikombe kwa kikombe, hajafa moyo. Shika hilo kwanza, maana mengine nitakayosema ni mazito.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu naona limewachanganya wote wanne: wewe, mumeo, kiongozi wa maombi na jirani yako. Sokoni mtu anasema "nipe haki yangu" akidai chenji yake. Mahakamani watu wanatafuta haki. Kanisani tunaimba kwamba tumehesabiwa haki. Tunadhani ni maneno matatu yaliyofanana sauti. Biblia ya Union ya mwaka 1952 inatumia neno hilo hilo kotekote. Biblia ya Habari Njema mara nyingi inasema uadilifu, na ni tafsiri nzuri, ila mimi naipenda ile ya zamani kwa sababu haikuruhusu utenganishe kanisa na mwalo.

Kwa Kiebrania neno ni tsedek, na unajua linakutwa wapi? Kwenye mizani. Walawi 19:36 inataka mizani ya haki na mawe ya kupimia ya haki. Jiwe la haki ni lile ambalo likisema mimi ni kilo, basi ni kilo. Kumbukumbu la Torati 25 inamkataza mtu kuweka nyumbani mwake vipimo viwili, kikubwa na kidogo, yaani kimoja cha kununulia na kingine cha kuuzia. Nilipofika hapo nilikumbuka ndoo yako na kisado chako, nikaona Musa alikuwa amesimama mlangoni kwako. Mwenye haki ni mtu aliye kama kipimo kizima: alivyo mbele za Mungu na mbele za jirani yake ndivyo anavyopaswa kuwa, hana kitako kilichobonyea.

Kwa kipimo hicho, mwanangu, jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Wewe siye, mimi siye, na huyo kiongozi wa maombi naye siye. "Hakuna mwenye haki hata mmoja," Warumi 3:10, na Paulo hakuwa anawasema wauza dagaa peke yao.

Lakini Paulo hakuishia hapo. Sura inayofuata anarudi kwa Ibrahimu, kwenye Mwanzo 15:6: "Akamwamini BWANA, naye akamhesabia jambo hili kuwa haki." Tazama ni lini. Ibrahimu alikuwa bado hajatahiriwa, maana hilo linakuja sura ya 17. Sheria ya Musa ilikuwa bado haijatolewa. Alikuwa mzee asiye na mtoto, ameonyeshwa nyota na kuahidiwa uzao, akaamini. Na neno la Kigiriki ambalo Paulo analirudia tena na tena katika Warumi 4, hilo "kuhesabiwa", ni neno la wafanyabiashara, la mtu anayeandika hesabu daftarini. Wewe neno hilo unalijua kuliko mapadri na wachungaji wengi. Wewe uliandika pungufu ya ulichopokea. Mungu alimwandikia Ibrahimu haki ambayo hakuwa nayo.

Hapo mtu makini atauliza, na mimi nimewahi kuuliza kwa machozi: sasa Mungu naye si anaghushi daftari? Kama mimi si mwenye haki naye anaandika kwamba ni mwenye haki, ana tofauti gani na mtu anayetangaza 11 wakati ndoo ni 12?

Tofauti ni nani anayebeba hasara. Ulipoandika 11, hasara ilikwenda kwa mjane asiyeweza kusoma. Mungu alipotuandikia haki, hasara aliibeba mwenyewe. Ndiyo maana ya 2 Wakorintho 5:21, kwamba yeye asiyejua dhambi alifanywa dhambi kwa ajili yetu, ili sisi tupate kuwa haki ya Mungu katika yeye. Deni halikukwepwa kwa ujanja wa kalamu. Lilionekana lote, likatajwa lote, likalipwa msalabani na asiyekuwa mdaiwa. Imani ni kuikubali hesabu hiyo na kumkabidhi nafsi yako aliyelipa, kama yule mtoza ushuru wa Luka 18 aliyesimama mbali, hathubutu hata kuinua macho, akasema "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", akashuka nyumbani kwake amehesabiwa haki. Mwenzake Farisayo alikuwa na orodha: anafunga mara mbili kwa juma, anatoa zaka ya mapato yote. Mwanangu, mabati 40 yamo kwenye orodha ya namna hiyo. Sikulaumu kwa kuyatoa. Nakwambia usiyategemee, na nadhani moyoni umeshaacha kuyategemea, ndiyo maana hulali.

Kuna kitu nakipenda katika lugha yetu, nivumilie kidogo. Mzizi ule wa tsedek unao ndugu katika Kiarabu, na kwa njia ya Kiarabu umetuletea Waswahili maneno mawili: kusadiki na sadaka. Kuamini na kutoa. Yote mawili ni jamaa wa lile neno la Kiebrania tunalolitafsiri haki. Kiongozi wenu wa maombi ameshika kusadiki kwa mikono miwili, na amelishika vizuri, ila ndugu yake amemwacha nje ya mlango.

Kwa hiyo nimjibu na yeye. Nusu ya kwanza ya maneno yake ni kweli tupu, usiiache kamwe: huhesabiwi haki kwa ndoo 31. Hata ungepeleka Ukara meli nzima ya magunia, usingeinunua. Lakini zile ndoo hazikuibwa mbinguni. Zilitoka kwenye mawe ya Ukara, ni jasho la mtu, na mtu huyo yupo, anakula, anaugua, anasomesha. Mungu kukusamehe wewe hakujaweka senti moja mkononi mwake. Ukitumia haki uliyopewa bure kuficha haki ya mjane, hapo ndipo unapomdharau Kristo. Yesu mwenyewe, Mathayo 5, anasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako hapo hapo, nenda ukapatane naye kwanza. Hakusema imba pambio usahau.

Msome Zakayo, Luka 19, na uangalie mpangilio wake. Yesu anamwita jina lake juu ya mkuyu, anamwambia leo imempasa kushinda nyumbani mwake. Mpaka hapo Zakayo hajasema neno kuhusu hela. Anapokelewa kwanza, mbele ya watu wanaonung'unika, akiwa bado tajiri wa mali ya watu. Kisha anasimama na kusema: nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Hakuna aliyemtajia kiwango. Haki ilipoingia nyumbani kwake ilikwenda moja kwa moja kwenye sanduku la hela. Hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Unaponunua unatoa hela ili upokelewe. Zakayo alikuwa ameshapokelewa.

Jirani yako wa meza naye usimwone adui. Ugomvi wenu wa pale sokoni ulipasua Kanisa la Magharibi karne ya 16. Martin Luther, ambaye Walutheri wanaitwa kwa jina lake, alisisitiza kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani peke yake. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1547 ukajibu kwamba neema inamfanya mtu awe mwenye haki kwa ndani, inamgeuza kweli. Damu ilimwagika. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, bila stahili yetu yoyote, na Roho Mtakatifu anaifanya upya mioyo yetu na kutuita kwenye matendo mema. Wamethodisti nao wakajiunga mwaka 2006. Tofauti hazikwisha zote, ila kwa jambo lako padre mwema na mchungaji mwema watakutuma sehemu moja: Ukara. Jirani yako akisema malipizi, anamaanisha kurekebisha ulichoharibu, hata Mkatoliki aliyekwisha ondolewa dhambi kitubioni anatakiwa kurudisha alichoiba. Kosa lake ni kukuambia Mungu anakusubiri ulipe ndipo akutazame.

Sasa tufanye kazi.

Mumeo kwanza. Kaeni usiku, watoto wamelala, mwoneshe daftari. Yeye ni baba wa nyumba, na hela utakayotoa itagusa nyumba. Anaogopa maneno ya mwaloni, na simlaumu, maneno ya pale yanavuma kuliko injini ya boti. Mwambie hukuja kumwomba ruhusa ya kutubu, umekuja kumwomba akusindikize. Methali yake ina nusu ya pili: tugange yajayo. Mjane aliyedhulumiwa bado yuko mbele yenu, hajapita.

Hesabu. Kitabu cha Hesabu 5:7 kinasema mkosaji alipe kiasi kamili na kuongeza sehemu ya tano. Ndoo 31, sehemu yake ya tano ni 6 na kidogo. Sema 38, usianze tena kupunja hapa. Bei iwe ya leo, siyo ya miaka ile, kwa sababu leo ndiyo siku atakayonunua unga kwa hela hiyo. Ukiguswa kufika mara nne kama Zakayo, fika, bora hela iwe yako mwenyewe. Ya kikundi usiiguse, hata kwa kukopa siku mbili. Kama mtaji hautoshi kwa mkupuo, peleka nusu na useme wazi tarehe ya nusu nyingine. Ukikuta amefariki, hela ni ya watoto wake, usiirudishe Mwanza.

Kwa wateja wa kisado huwezi kuwajua, wametawanyika mpaka Shinyanga na Dodoma huko. Hapo Zakayo amekupa njia, sehemu ya mali iende kwa maskini, kimya kimya, bila jina lako kusomwa kanisani. Kisado chenyewe usimpe mtu wala usikitupe jalalani kikaokotwa. Kitoboe. Kisha anza kuuza kwa kilo, kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Utapoteza wateja wachache mwanzoni, kwa sababu dagaa wako wataonekana ghali kuliko wa jirani. Vumilia, na usimwambie mtu kwa nini umebadilika mpaka yule mama awe amesikia kwanza.

Hili nalisisitiza. Naona siku hizi watu wakiguswa wanakimbilia kipaza sauti, wanashuhudia, wanapigiwa makofi, na aliyedhulumiwa anasikia mwisho au hasikii kabisa. Mama wa Ukara ndiye wa kwanza kuambiwa. Si kusanyiko, si kwaya. Baada yake mwambie mchungaji wako faraghani.

Uhazini usiupokee sasa. Waambie kina mama wakupe muda, una jambo la nyumbani unalikamilisha, na huo si uongo. Ukirudi, mweleze mwenyekiti wao ukweli, na wao waamue kama bado wanakutaka. Wakikataa, kubali. Kuaminiwa na hela za watu ni jambo la watu, halimo kwenye msamaha.

Na jiandae, mwanangu, kwamba anaweza asikusamehe siku hiyo. Anaweza kunyamaza. Anaweza kukutukana mbele ya majirani, au akauliza swali moja tu, "Hata wale wa watoto ulikuwa unawachukua ukijua?" Usijitetee. Usimwambie kwamba Mungu ameshakusamehe, hata kama ni kweli, siyo neno la siku hiyo. Ukirudi bila msamaha wake bado utakuwa umehesabiwa haki na Mungu, na hilo ndilo litakalokupa miguu ya kusimama pale bila kukimbia.

Nenda giza la mwezi huu, boti za dagaa zikiwa kazini, wakati ambao yuko kwenye mawe yake na mikono ina shughuli. Panda meli mpaka Nansio, kisiwani Ukerewe, ulale, asubuhi uende Bugolora uvuke. Beba daftari lenyewe, usinakili. Mwombe amwite mwanawe au mtu yeyote anayemwamini anayejua kusoma, amsomee mstari kwa mstari, na kila penye 11 wewe useme 12. Hela usiiweke chini wala kwenye bahasha, mhesabie mkononi, kwa sauti.

Na kile kipande cha kanga kifue, ukinyooshe, umrudishie.

Shangazi